Kwa Skola, Kuhusu Dawa Ambazo Mimi Sizitoi

Makambako, Ijumaa jioni

Skola mama,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za sweta, soksi nzito na maji ya kuoga ya huko Makete. Blanketi la pili amelifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, na ukilifungua usishangae kukuta ndani yake unga wa ulezi na karanga, maana nimemwona akivisokomeza huku akiangalia mlango kama mwizi. Kwa hayo mimi sina la kuongeza. Hata nikiongeza atanisahihisha.

Mimi nimefunga duka mapema, nikakaa huku nyuma kwenye maboksi, nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo tangu Jumapili. Unalijua. Uliniambia kwamba huko kwenye kituo cha afya unakokwenda, utatoa vidonge vya uzazi wa mpango kwa mkono wako kila itakapobidi, na kwamba ulitaka nilisikie kwako kabla sijalisikia kwa watu. Mimi baba yako, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mwenye duka la dawa ambalo halijawahi kutoa hata kidonge kimoja cha namna hiyo, niliweka chini boksi nililokuwa nimelishika, nikatoka nje kwenda kukagua miparachichi ambayo haikuwa na shida yoyote. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiambiana chumvi iko wapi na nani amefunga geti. Kesho asubuhi unaondoka. Siwezi kukuacha upande gari bila kukujibu.

Jibu langu ni refu kidogo, univumilie. Unajua baba yako akianza kusimulia huanzia mbali.

Nimekulia Uwemba, kwenye kengele ya misheni. Bibi yako Skolastika, uliyerithi jina lake, alitulea kwa sala na jembe, na sijui kipi kilitangulia. Mafundisho ya kanisa letu kuhusu uzazi sikuyapokea kwa kuogopa mtu. Niliyapokea kwa kuyapenda, na bado nayapenda. Kwa hiyo nilipomaliza mafunzo ya utoaji dawa na kufungua hili duka hapa Makambako, niliamua peke yangu, bila padre wala mtu yeyote kunisukuma, kwamba vidonge vya kuzuia mimba sitaviweka kwenye rafu zangu. Uamuzi huo sijaujutia.

Nilichokosea ni namna nilivyowaambia watu. Unajua sisi wa huku tulivyo. Mtu akija kuomba jembe na hutaki kumpa, humwambii sikupi. Unamwambia limekwenda kwa shemeji, litarudi. Naye anaelewa, anakushukuru, mnaulizana habari za watoto, anakwenda zake. Kumkatalia mtu usoni kwetu ni kumtukana. Basi mwanamke akija dukani kuulizia vidonge, nilikuwa nasema, "Zimeisha, mama. Labda wiki ijayo." Majirani zangu walielewa mara moja na hawakurudia kuuliza. Lakini hapa ni njia panda. Wanashuka watu kutoka kila upande, na mtu mwenye shida, hata awe wa hapa hapa, akiambiwa wiki ijayo huamini ni wiki ijayo.

Katika miaka hiyo nilikwenda kuungama mara nyingi. Niliungama hasira, niliungama kumwonea wivu jirani kwa pikipiki yake. Hilo la "zimeisha" sikuwahi kulitaja. Sikuliona kuwa dhambi. Niliona ni adabu.

Halafu ukaja wewe, likizo ya chuo, umevaa koti jeupe linalokupwaya mabegani. Nilikuwa najiona mkubwa siku hizo. Wateja walikuwa wakikuita dokta, na mimi nilikuwa najifanya sisikii ili walirudie. Akaingia yule mama wa Makete aliyekuwa akishuka na magari ya viazi siku za mnada, Mama Eliza, na mtoto mgongoni ambaye alikuwa hajaanza hata kusimama dede. Akasalimia kamwene kwa Kibena kibovu ili kunifurahisha, akauliza, "Baba, zimefika?"

Nikamjibu, "Bado, mama."

"Haya, nitapita tena nikishuka. Kule kwetu nako wanasema hazijaletwa." Akaweka sawa kanga ya mtoto, akatoka.

Wewe ulikuwa unapanga dawa za watoto. Ukaacha, ukaniangalia. Ukapita chini ya kaunta kama ulivyokuwa ukipita ulipokuwa mdogo, ukamfuata nje, na mimi nikakuona kupitia dirishani mmesimama kwenye vumbi la malori, unamwonyesha kwa mkono duka la dawa la Mama Tuma ng'ambo ya barabara. Kisha ukamsindikiza mpaka mlangoni, na koti lako jeupe, mchana kweupe, watu wote wanaona mtoto wa duka langu akimpeleka mteja kwa jirani.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Usiku wakati wa kula nilikuambia umenivunjia heshima. Nilitegemea utaomba radhi, au utanibishia kwa mambo ya chuo, haki za mgonjwa na nini, na hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Ukanijibu taratibu huku unamenya kiazi, "Baba, hata mimi sijui kama ningempa. Sijakusema kwa kukataa. Lakini yule mama anasubiri kitu ambacho hakiji."

Mama yako akaacha kutafuna. Mimi nikasema naye aliyetaka dawa ana miguu, angeenda kwingine. Ukasema, "Angeenda kama angejua. Wewe ulimwambia asubiri."

Sikulala vizuri, na asubuhi sikuwa mtu mzuri. Lakini nilijua umenikamata. Sijui yule mama alikuwa amekaa bila dawa muda gani kwa sababu yangu. Mpaka leo sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba kila aliposhuka na viazi aliendelea kuja kwangu kununua dawa za mafua ya watoto, na siku moja nilipomwambia dawa ya kikohozi haipo, akacheka akasema, "Haipo kweli, baba, au haipo ya zamani?" Nikacheka naye, lakini nilisikia aibu.

Ndipo tukaanza ile kazi yetu mimi na wewe, ya kunifundisha mzee mzima kusema sentensi moja. Unakumbuka? Wewe unasimama upande wa mteja, mimi upande wa rafu. "Mama, dawa hizo mimi sizitoi." Ikawa inanikwama kama mfupa wa samaki. Nikimaliza, naongeza maneno kumi ya kujitetea, kuhusu kanisa, kuhusu maisha ya siku hizi, mpaka unanyoosha mkono kama askari wa barabarani. Uliniambia, "Baba, usimweleze yeye alivyo. Mweleze wewe ulivyo, umwambie zinapatikana wapi, basi."

Mteja wa kwanza niliyemwambia alikuwa yule mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye miwani. Nilisema yote sawasawa. Mimi sizitoi kwa sababu ya imani yangu, kwa Mama Tuma zipo, na hospitalini wanatoa bure. Akavua miwani. "Kwa hiyo mzee unaniona mimi mwenye dhambi?" Wewe ukajibu kutoka nyuma, "Hapana, mwalimu. Baba anasema habari zake tu." Akatutazama wote wawili, akavaa miwani yake, akaenda. Alikuwa na haki ya kukasirika, nami sikufurahi kumkasirisha. Lakini alikwenda akijua, na jioni ile ile alikuwa na alichokitafuta.

Mama Tuma naye, yule Mlutheri mcheshi, akaja kunishukuru kwa kumtangazia biashara bure. Tangu hapo akikosa dawa ya watoto huwaelekeza wateja kwangu, na mama yako amekuwa akisema nimepata faida kwa kuacha uongo, kana kwamba nilifanya kwa ajili hiyo.

Kisha likaja la jumuiya. Hilo nataka nilikumbushe kwa sababu nadhani wewe hukuona mwenyewe ulivyokuwa siku ile. Jumamosi tulisali kwetu, na baada ya sala Mzee Vitalis akasimama, mzee wa watu ambaye sijawahi kumsikia akisema neno la kumuumiza mtu kwa makusudi. Akasema, "Mwenyekiti, ukimwonyesha mtu duka la kununua, umeuza wewe mwenyewe kwa mkono wa jirani. Bora zamani ulipokuwa unasema zimeisha." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi, aliyezoea kuongoza mazungumzo, nikawa natazama viatu vyangu.

Wewe ulikuwa umeshika birika la chai. Ukaomba ruhusa, ukasema, "Babu, nakuheshimu. Yule mama akikukuta njiani akakuuliza njia ya kwenda kwa Mama Tuma, utamwambia hakuna njia?"

Mzee akafikiri, akasema, "Nitamwambia njia imechimbika, arudi nyumbani."

Watu wakacheka, nawe ukacheka kuliko wote. Mtu mwingine angeendelea kubishana mpaka mzee akubali. Wewe ulimmiminia chai, ukamwongezea sukari anayokatazwa na mke wake, ukakaa chini karibu naye ukamuuliza habari za mguu wake. Hukumshinda na hukutaka kumshinda. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikiona fahari iliyonijaa mpaka nikashindwa kufunga mkutano vizuri, nikaruka tangazo la michango, na mhazini akaninunia wiki nzima.

Huyo ndiye Skola ninayemjua. Kwa hiyo ulipopata ajira huko juu Makete, ng'ambo ya mji wa Iwawa, sikushangaa ulipokataa kungoja siku ya kuripoti. Ulipanda gari mpaka Njombe, ukaunganisha jingine, ukafika kwenye ukungu ule, ukaomba kumwona mganga mfawidhi, mkuu wa kituo. Uliporudi ulinisimulia mkiwa bado mnaanua nguo na mama yako, na mimi nililishika kila neno. Ulimwambia, "Daktari, mimi ni Mkatoliki. Kuna dawa ambazo dhamiri yangu inanisumbua kuzitoa. Nimeona ulijue kabla sijaanza kazi."

Na yule mfawidhi, Mkinga wa watu, akakuambia, "Dada, wengine hawaniambii kabisa. Nakuja kugundua mwenyewe stoo haina kitu, na akina mama wamekwisha kurudi nyumbani mikono mitupu. Wewe umekuja kusema, basi na mimi nikwambie ukweli. Vidonge anatoa nesi wa kliniki. Lakini kuagiza ni kazi yako wewe wa dawa. Usipoagiza, nesi hana cha kutoa. Na siku nesi anapokwenda vijijini na mkoba wa chanjo, dirisha linabaki lako peke yako. Huku hakuna duka la pili."

Nilipolisikia hilo la mwisho nilijua tumefika pagumu. Sentensi uliyonifundisha mimi ilikuwa na nusu mbili. Mimi sizitoi, lakini pale ng'ambo zipo. Huko unakokwenda nusu ya pili haipo. Ng'ambo ya barabara kuna shamba la viazi, na ng'ambo ya shamba la viazi kuna mlima. Mwanamke amepanda kwa miguu tangu alfajiri, na ukimwambia wewe hutoi, hata ukimwambia kwa ukweli wote wa mbinguni, anarudi alivyokuja. Na usipoagiza, lile neno langu la "zimeisha" linakuwa kweli tupu, na ni wewe umelifanya kuwa kweli.

Nikafanya kile baba hufanya, nikatafuta upenyo. Nilimpigia rafiki yangu wa siku nyingi aliyeko kwenye hospitali moja ya misheni, mahali ambapo dawa hizo hazitolewi na kila anayekwenda anajua. Nafasi ilikuwepo. Nilikuletea habari hiyo kama mtu aliyeleta nyama nyumbani. Ukanishukuru vizuri kabisa, kwa magoti, kisha ukasema, "Baba, huko sitasumbuka kwa sababu hakuna atakayeniomba. Itakuwa raha yangu mimi tu."

Nikakuambia raha ya dhamiri si kitu kidogo. Ukakubali kwamba si kitu kidogo. Ukaomba siku za kusali, na nilikuona, mama, ukienda kanisani asubuhi wakati baridi inakata masikio, peke yako, bila kumwambia mtu. Nilidhani sala zitakuleta upande wangu. Hilo nalo nimejifunza, kwamba nilikuwa namwomba Mungu akubaliane na mimi.

Ndipo Jumapili ukaja hapa dukani nikiwa napanga maboksi. Umesimama pale pale uliposimama kunifundisha ile sentensi. Ukasema, "Nitaagiza kama ninavyoagiza dawa nyingine zote, stoo haitakaa tupu. Nesi akiwepo atatoa yeye, na nitashukuru. Asipokuwepo nitatoa mimi. Nimesali sana, sijapata jibu lingine. Kama nakosea, acha nikosee mimi mbele ya Mungu, yule mama asiadhibiwe kwa ajili ya dhamiri yangu."

Nami nikaenda kwenye miparachichi.

Nilikuwa na maneno makali tayari kinywani, nisikufiche. Nilikuwa nayapanga huku nashika majani kama mtu anayejua anachotafuta. Nilitaka kukuambia kwamba umelegea, kwamba leo vidonge, kesho nini. Nilitaka kukuambia kwamba baba yako amesimama miaka yote hii bila kuyumba. Na hapo kwenye "bila kuyumba" ndipo maneno yalipokatika, kwa sababu nilimkumbuka Severini.

Baba yako mdogo Severini humkumbuki, ulikuwa hujazaliwa. Alikuwa utingo wa malori, kijana wa kucheka, anayepiga mluzi mpaka kanisani. UKIMWI ulimmaliza hapa hapa Makambako, kwenye chumba ambacho sasa ni stoo yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Tulipotoka kumzika niliagiza kondomu. Sikumuuliza padre, sikumwambia mama yako. Kanisa langu lilikuwa lile lile na mafundisho yale yale. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimemwosha ndugu yangu. Na katika jumuiya hakuna aliyeniuliza lolote, maana wakati huo kila nyumba ilikuwa na kaburi lake.

Umekua ukiliona lile boksi chini ya kaunta. Umelifuta vumbi mwenyewe mara ngapi. Hukuwahi kuniuliza, baba, hizi unazitoaje na zile unazikataaje. Ungeuliza ungenimaliza. Ulikuwa na silaha hiyo tangu siku ya Mama Eliza, na siku ya Mzee Vitalis, na Jumapili, na hukuitumia hata mara moja. Ama hukuiona, ama uliiona ukanionea huruma. Nakufahamu. Uliiona.

Basi ngoja nikuambie na kosa langu lililokuwemo ndani ya lile boksi, kwa sababu hilo litakufaa kazini kuliko mengine yote. Nilizitoa, lakini nilizitoa kwa ubaya. Dereva akija kuuliza, nilikuwa nazitupa kwenye kaunta bila kumtazama, nimekunja uso kama mtu aliyekanyaga mavi. Nilidhani uso huo unaniweka safi. Kwamba mkono unatoa lakini uso unakataa, na Mungu atahesabu uso. Vijana waliogopa kurudi. Wangapi waliishia nje ya mlango wangu kwa sababu ya uso ule, sijui. Ndugu yangu Severini mwenyewe angeogopa.

Kwa hiyo, mwanangu, siku nesi yuko vijijini na mwanamke amesimama dirishani kwako, kama umeamua kutoa, toa. Usimpe kitu kwa uso wa kumnyima. Mweleze anavyotakiwa kumeza, muulize kama presha yake imepimwa, mpe kiti kama ametoka mbali. Fadhaa yako si mzigo wake. Ukiwa nayo, ibebe mpaka kwenye chumba chako, na huko ongea na Mungu mpaka mchoke wote wawili.

Na ombi langu ni hili. Usizoee. Siku utakapoona kwamba jambo hili halikugusi tena popote, si wakati wa kutoa wala wakati wa kukataa, pumzika kazi siku hiyo, nenda kanisani, au nipigie simu. Mimi nilizoea kusema zimeisha mpaka nikawa sisikii tena ninachosema. Ndicho ninachokuogopea, kuliko vidonge vyenyewe.

Sasa jibu lako. Sikubaliani nawe. Nalisema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema wazi. Duka langu wiki ijayo litakuwa lile lile, na mwanamke akija nitamwambia mimi sizitoi, ng'ambo zipo. Nikiwa mahali pako sijui kama ningefanya unachokwenda kufanya. Pengine ningekimbilia ile hospitali ya misheni, nikalala usingizi mzuri. Wewe ulipewa mahali pa kulala vizuri ukapakataa kwa ajili ya wanawake ambao hata hujawaona. Mimi, niliyekulea, sijui jambo hilo umelitoa wapi. Mama yako anasema umelitoa kwake. Inawezekana.

Nimewaheshimu watu wengi katika maisha yangu, mapadre, masista walionifundisha kusoma, mama yangu. Sikutegemea kwamba nitakapokuwa mzee mtu nitakayemheshimu kuliko wote atakuwa ni yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Tena sikutegemea kwamba nitamheshimu kwa jambo ambalo nalipinga. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Tangu Jumapili nimekuwa nikikupita kwenye kibaraza nikitaka kulisema, linaishia kwenye chumvi.

Kesho nitakupeleka stendi mwenyewe. Nitabeba begi kubwa, mama yako abebe maneno. Nikitoka kukusindikiza nitakwenda moja kwa moja kwenye jumuiya, maana ni zamu ya Mzee Vitalis kutukaribisha. Wataniuliza, unawajua. Mzee ataanza na habari ya baridi ya Makete, kisha atazunguka, kisha ataniuliza Skola amekwenda kufanya kazi gani hasa huko, na zile dawa je. Kila mtu ataacha kunywa chai anisikilize. Wananijua mimi ni mtu wa majibu laini. Ningeweza kusema sijui, bado mgeni, tutasikia huko mbele, na wangeelewa, na tungeendelea na sala.

Nitawaambia anatoa dawa. Zote. Nitawaambia na kwamba mimi ndiye niliyembebea begi.

Baba yako, ambaye amemaliza karatasi na anaitwa kula